Mwanafunzi Muuguzi Asipoteze Wodi

Ukurasa huu umezoea kuzungumza na askari juu ya nidhamu, lindo, kwata na uhusiano mwema na wananchi. Leo tunaomba nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu miongoni mwa mambo ya ulinzi, nalo ni kitanda cha hospitali ambacho kando yake husimama mwanafunzi wa uuguzi akifundishwa kazi. Mwanafunzi huyo anapoondolewa, au mwalimu wake anapokimbia, au barabara ya kwendea wodini inapofungwa, hakuna mzinga uliolia na magazeti hayaandiki habari kubwa. Hata hivyo twadai kwamba siku hiyo askari wa mpakani amepoteza kitu, na mara nyingine amekipoteza kwa mkono wake mwenyewe.

Tuchukue Ras Kamboni, ambayo wapo waiitao Ras Kiamboni, mahali ambapo jina lake linajulikana na kila askari aliyepata kutumika katika ukanda huu. Ni rasi katika pembe ya kusini kabisa ya Somalia, nchi ya Wabajuni wavuvi na Wasomali wafugaji. Kutoka hapo hadi Kiunga, upande wa Kenya, ni kama kilomita 15 tu. Hadi mji wa Lamu ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka; na hadi Kismayo, mji mkubwa wa upande wake wenyewe, ni zaidi ya kilomita 170. Mapema mwaka 2007 palipiganwa hapo vita vikali dhidi ya wapiganaji wa Mahakama za Kiislamu waliokuwa wakirudi nyuma kutoka kaskazini. Mwaka 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka, na mwaka uliofuata yakaingia Kismayo pamoja na wapiganaji waliojulikana kwa jina la rasi hiyo hiyo. Tarehe 11 Desemba 2024 askari wa serikali kuu ya Somalia na wale wa Jubaland walipigana tena hapo, na mamia ya askari wa serikali kuu wakavuka hadi Ishakani, upande wa Kenya. Hatutaki kuamua hapa nani alikuwa na haki; kazi hiyo wanayo wakubwa. Tunachouliza ni swali la askari wa kawaida. Katika miaka hiyo yote, yule aliyepigwa risasi ya paja huko Ras Kamboni saa kumi usiku, nani alimfunga jeraha, na huyo aliyelifunga alifundishwa wapi?

Hapana shaka wapo watakaojibu kwamba jeshi lina waganga wake. Ni kweli, nasi twawaheshimu. Lakini kila aliyekaa katika kituo cha mbali anajua kwamba mganga wa kikosi ni mmoja na majeruhi huja kwa kundi. Kwamba ndege ya kubebea wagonjwa hungoja hali ya hewa na idhini. Kwamba polisi wa kituo kidogo mara nyingi hana mganga kabisa, bali ana kisanduku chenye pamba na iodini iliyokauka. Hapo ndipo zahanati ya raia inapokuwa mstari wa kwanza wa uhai wa askari. Tena askari ana mke, na mke wa askari huzaa. Hazai kwa ratiba ya makao makuu.

Sasa tuseme mafunzo yenyewe ni kitu gani, maana wengi hudhani uuguzi ni kusoma vitabu na kuvaa sare nyeupe. Kozi ya diploma ya uuguzi katika nchi zetu huchukua kwa kawaida miaka mitatu au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya muda huo haitumiki darasani. Mwanafunzi hupelekwa wodi ya wanaume, wodi ya watoto, kliniki ya akina mama, chumba cha kuzalishia, chumba cha upasuaji, na vijijini nyumba kwa nyumba. Anacho kitabu ambamo kila kazi aliyoifanya huandikwa: jeraha alilosafisha, dripu aliyoiweka, mama aliyemzalisha, mtoto aliyempima uzito. Kila mstari hutiwa sahihi na msimamizi aliyesimama karibu akatazama kwa macho yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yao inamtaka mwanafunzi mkunga azalishe akina mama wasiopungua 40 kabla ya kuhitimu, na pale ambapo akina mama hawatoshi idadi hiyo yaweza kushushwa hadi 30 kwa sharti kwamba ashiriki katika uzazi mwingine 20. Kwa hiyo kitabu kisipojaa, mwanafunzi hahitimu. Asipohitimu hapati leseni. Na asiye na leseni hawezi kuajiriwa katika zahanati ya serikali hata kama alikuwa wa kwanza darasani katika elimu ya mwili wa binadamu.

Kwa lugha yetu ya kambini jambo hili si gumu kueleweka. Kuruta hawezi kufanywa askari kwa kusomewa kitabu cha bunduki. Sharti apelekwe uwanja wa shabaha, alale kifudifudi, apige, akose, arekebishwe na mwalimu, apige tena. Uwanja ukifungwa kwa miezi mitatu, kundi zima la makuruta hubaki nusu askari, na hakuna kamanda mwenye akili atakayewapeleka lindo. Mwanafunzi muuguzi aliyepoteza wodi yuko katika hali hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba makuruta watangojewa na jeshi, watalishwa na kuvishwa. Yeye hurudi nyumbani kwa gharama ya wazazi, na mara nyingi, hasa akiwa msichana, maisha humchukua njia nyingine kabla wodi haijafunguliwa.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la maskini peke yao. Huko Marekani, tangu mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoanzisha mafunzo yao katika Chuo Kikuu cha Colorado, wapo wauguzi wanaofundishwa kupima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Viwango vilivyotolewa na vyama vyao mwaka 2022 vinamtaka mwanafunzi wa kazi hiyo awe na saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Wengi wao hulazimika kumtafuta msimamizi wenyewe, kwa barua na kwa kubisha milango. Na msimamizi akibadili nia wiki moja kabla ya kuanza, mwaka mzima wa mwanafunzi huweza kwenda na maji. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020 hospitali nyingi za huko ziliwafungia wanafunzi nje. Huku kwetu kazi ya namna hiyo hufanywa na tabibu, ambaye Wakenya humwita afisa wa kliniki. Na katika zahanati za mbali hufanywa na muuguzi aliye peke yake, ambaye kwa cheti ni muuguzi lakini kwa kazi ni daktari, mkunga, mtoa dawa na mwandishi wa daftari. Mtu wa namna hiyo akiwa hakufundishwa vya kutosha, ni hatari. Akiwa hayupo kabisa, ni hatari zaidi.

Katika ukanda huu nafasi hizo zimepotea kwa njia ambazo askari anapaswa kuzijua moja moja, maana nyingi zilipita mikononi mwetu.

Njia ya kwanza ni kuuawa au kuondoka kwa mwalimu. Tarehe 28 Januari 2008, mjini Kismayo, bomu lililotegwa kando ya barabara liliua watu watatu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka: daktari Mkenya Victor Okumu, Mfaransa Damien Lehalle na dereva wao Msomali. Shirika likawaondoa wafanyakazi wake wa kigeni katika Somalia. Miaka mitano baadaye, Agosti 2013, likafunga kazi zake zote nchini humo baada ya miaka 22, likieleza kwamba watu wake 16 walikuwa wameuawa katika kipindi hicho. Lilirudi mwaka 2017. Watu huhesabu wagonjwa waliokosa dawa, na ni haki kuwahesabu. Lakini kila daktari na kila muuguzi mkuu anayeondoka huondoka na sahihi yake, ile ambayo ingejaza vitabu vya vijana waliokuwa wakisimama nyuma yake. Mgonjwa wa siku ile twamwona. Muuguzi wa mwaka wa kumi baadaye, ambaye hatakuwapo, hatumwoni.

Mambo yalikuwa hayo hayo Mandera tarehe 12 Aprili 2019. Madaktari wawili wa Cuba, mmoja wa magonjwa ya kawaida na mwingine mpasuaji, walitekwa nyara asubuhi wakipelekwa kazini, na askari polisi aliyekuwa akiwasindikiza akauawa. Twamkumbuka askari huyo, maana alikufa kazini. Baada ya hapo madaktari wenzao waliondolewa katika kaunti za mpakani. Mwanafunzi aliyetarajia kusimama kando ya mpasuaji wa Mandera akabaki bila wa kumtazama.

Mogadishu nako waliwapiga wanafunzi wenyewe. Tarehe 3 Desemba 2009, katika Hoteli Shamo, Chuo Kikuu cha Benadir kilikuwa kikiwapa vyeti madaktari wake wapya, kundi la pili tu tangu chuo kianzishwe mwaka 2002. Mlipuaji aliingia ukumbini. Waziri wa Afya, Bibi Qamar Aden Ali, aliuawa pamoja na mawaziri wenzake, walimu na wanafunzi. Adui aliyechagua siku ile alijua thamani ya alichokilenga kuliko baadhi yetu tunavyoijua.

Upande wa Lamu hapakuhitajika hata bomu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambamo watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na mengine yaliyofuata, wahudumu wa afya waliviacha vijiji vya msitu wa Boni kama Basuba, Milimani na Mangai, na zahanati zikafungwa. Ni waganga wa jeshi la Kenya waliowatibu wanavijiji hao kwa muda mrefu, jambo ambalo twalisifu bila kusita. Lakini sifa isitufiche ukweli. Mganga wa jeshi anayepita na gari la kivita hutibu malaria ya leo. Hafundishi mtoto wa Boni kuwa muuguzi wa Boni, maana hana kitabu cha kutia sahihi wala kikao cha kudumu. Zahanati iliyofungwa ni chuo kilichofungwa pia, ingawa hakuna bango la chuo mlangoni pake.

Tumfikirie basi msichana wa Kibajuni wa Ras Kamboni, au wa Chula au Koyama katika visiwa vya jirani, anayetaka uuguzi. Lugha ya nyumbani kwake ni Kibajuni, ndugu wa Kiswahili cha Lamu na Pate. Mama mjamzito wa Kiunga angeelewana naye kuliko anavyoelewana na muuguzi aliyeletwa kutoka bara. Akienda Kismayo, atapita njia ndefu ambayo sehemu zake zimekuwa uwanja wa vita, au atapanda mashua na kungoja upepo. Na msimu wa kusi unapochafuka bahari ya nje ya mwamba haimchezei mtu. Akienda Lamu, umbali ni mdogo, lakini katikati kuna mpaka. Kenya iliufunga mpaka huo mwaka 2011. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kwamba vivuko vingefunguliwa kwa awamu, na kivuko cha Ras Kamboni na Kiunga kingefuata ndani ya siku 90. Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulizi mapya, Kenya ikaahirisha. Somalia yenyewe iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuwa mwanachama kamili Machi 2024. Kwenye karatasi msichana huyo ni mwana wa Jumuiya moja na muuguzi mkuu wa Lamu. Kizuizini ni mtu asiye na kibali.

Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliotolewa na serikali ya Somalia mwaka 2020 ulionyesha kwamba akina mama 692 hufariki kwa uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kwamba ni asilimia 32 tu ya uzazi unaosaidiwa na mtu aliyefundishwa. Hizi ni tarakimu za nchi nzima.

Tunajua vema kwamba afisa wa usalama anayesoma maneno haya tayari ana jibu mkononi. Atasema: mnataka niwapitishe vijana mpakani kwa sababu wamevaa sare nyeupe? Je, yule aliyeingia ukumbini Mogadishu hakuwa na sura ya mgeni wa kawaida? Hatuwezi kulicheka jibu hilo, maana limeandikwa kwa damu. Lakini tulitazame vizuri. Mwanafunzi muuguzi ni miongoni mwa wasafiri wanaoweza kujulikana kwa urahisi kuliko wote: ana chuo kilichomsajili, ana barua ya hospitali inayompokea, ana jina la msimamizi, ana tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na orodha ya kundi lake yaweza kukaa mezani pa kamanda wiki mbili kabla hajafika. Mvuvi hana hayo. Mchuuzi hana hayo. Kama tunaweza kumpekua mvuvi na kumpitisha, tutashindwaje kwa mwanafunzi? Ukaguzi mkali ni haki ya askari, na mwanafunzi mwenye busara hataunung'unikia. Kinachoangamiza mafunzo ni ukaguzi usiotabirika: leo pita, kesho rudi, keshokutwa ngoja mkubwa aamke. Msimamizi wa wodi hawezi kumngojea mwanafunzi asiyejulikana atafika lini, naye humpa nafasi mwingine.

Hapo tunapenda kusema neno kwa ndugu zetu wa polisi kuhusu usiku. Mwaka 2014 Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Amri za namna hiyo zina sababu zake. Lakini zamu ya usiku ndiyo shule kubwa ya mkunga, kwa kuwa watoto wengi huja usiku, na usiku ndipo mwalimu hupata nafasi ya kueleza pole pole. Mwanafunzi anayezuiwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu askari wa kizuizi hakupewa orodha ya wenye ruhusa hupoteza usiku mmoja; baada ya wiki tatu amepoteza chumba cha kuzalishia kizima. Kosa si la askari yule aliyesimama kwenye mvua. Ni la aliyeandika amri bila kuandika wasiohusika nayo.

Neno la pili kwa polisi ni zito zaidi. Tarehe 29 Februari 2024, Nairobi, madaktari wa Kenya waliandamana wakidai madaktari wanafunzi wapelekwe mahali pa mafunzo yao ya mwisho. Katibu mkuu wa chama cha madaktari, Dakta Davji Atellah, alipigwa kichwani na kopo la bomu la machozi, akajeruhiwa. Wiki mbili baadaye ulianza mgomo uliochukua siku 56, hadi tarehe 8 Mei. Hatusemi kwamba polisi ndiye aliyeleta mgomo. Ugomvi wa mishahara na nafasi ulikuwapo kabla. Twasema kwamba waliokuwa barabarani siku ile walidai kitu ambacho askari aliyerusha kopo lile angekihitaji yeye mwenyewe siku atakayopata jeraha. Na mgomo huvunja mafunzo mara mbili, kwani wodi isiyo na wauguzi haina wa kumtazama mwanafunzi. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba. Kitabu cha mwanafunzi hakijazwi na kuta.

Turudi mpakani, kwa kamanda wa kituo, maana ndiye hasa tunayemwandikia. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ambao kila afisa aliufundishwa chuoni hata kama aliusahau baada ya mtihani, unasema katika kifungu cha 19 kwamba vituo vya tiba visishambuliwe kwa hali yoyote. Kifungu cha 21 kinasema kinga hiyo huweza kuondoka pale kituo kinapotumiwa kwa vitendo vya kumdhuru adui nje ya kazi yake ya tiba. Na kifungu cha 22 kinaeleza kwamba gadi au mlinzi mlangoni haiondoi kinga hiyo. Misingi iyo hiyo ndiyo inayofundishwa kwa vita vya ndani ya nchi, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliikazia katika azimio namba 2286 la tarehe 3 Mei 2016. Maana yake kwa kamanda wa Ras Kamboni au wa Kiunga ni nyepesi. Mlinzi wa mlango wa zahanati anaruhusiwa. Redio ya kikosi kwenye paa la zahanati, masanduku ya risasi katika stoo ya dawa, kombania kulala katika wodi ya wazazi kwa sababu ina paa zuri, hayo hayaruhusiwi. Na hata kama adui hakuyaona, mkuu wa chuo cha uuguzi atayaona, naye hatapeleka wanafunzi wake mahali hapo. Nasi tungekuwa wakuu wa chuo, tusingewapeleka.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi hadharani, nasi tutalisema. Baadhi ya maafisa, kwa nia ya kupata habari, humwita mwanafunzi au muuguzi kando na kumtaka aeleze nani alikuja na jeraha la risasi, nani ana mume aliyeko msituni, nani aliomba dawa nyingi kupita kiasi. Huenda wakapata habari moja. Baada ya hapo wamepoteza zahanati. Mji mdogo wa pwani una masikio mengi. Siku ya tatu akina mama watajua, na siku ya nne watazalia nyumbani. Adui naye atajua, na mwanafunzi aliyekuwa mwanafunzi tu atahesabiwa kuwa askari asiye na silaha. Chuo kikisikia kitamwondoa, na kitakuwa kimefanya haki. Habari za adui zitafutwe na waliofundishwa kazi hiyo na wanaolipwa kwa hatari yake.

Kwa upande wa matumaini, hatulazimiki kwenda mbali. Kule Hargeisa Bibi Edna Adan Ismail, mkunga aliyesomea Uingereza, alirudi katika mji uliokuwa umebomolewa kwa mabomu mwaka 1988, akajenga hospitali iliyofunguliwa mwaka 2002. Wengi humsifu kwa majengo. Sisi twamsifu kwa kuelewa kwamba wauguzi na wakunga hawawezi kupatikana bila wodi ya kuwafundishia, ndipo akaijenga wodi na kuwaingiza wanafunzi humo. Mogadishu, Hospitali ya Madina, ambayo imetibu majeruhi wa vita wasiohesabika, ilianza kama hospitali ya polisi. Dar es Salaam hospitali ya jeshi ya Lugalo hupokea raia pamoja na askari. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kambi na wodi ya kufundishia raia ni mafuta na maji hawakutazama historia ya majeshi yao wenyewe.

Tunalopendekeza ni dogo na laweza kuanza bila bajeti mpya. Hospitali na vituo vya tiba vya jeshi na polisi vilivyo karibu na mpaka vitenge nafasi chache, hata mbili mbili, kwa wanafunzi wauguzi na matabibu wa kiraia wa maeneo yale, na mganga wa kikosi mwenye sifa apewe idhini ya chuo kuwa msimamizi, ili sahihi yake ikubalike. Zahanati ikifungwa kwa hatari, mwanafunzi asirudishwe nyumbani bali ahamishiwe huko hadi hali itengemae, kitabu chake kikiendelea kujazwa. Wagonjwa watakaomfundisha hawakosekani: malaria, vidonda vya miguu, homa za watoto wa askari, mimba za wake zao. Atajifunza pia kuzuia damu na kubeba majeruhi, elimu ambayo vyuo vingi vya kiraia huigusa juu juu tu. Kamanda atakayeona kwamba mwanafunzi ni mzigo na ahesabu ni mara ngapi mganga wake mmoja alikesha siku mbili bila wa kumpokea.

Na amri yoyote itakayoandikwa ya kuendesha kivuko cha Ras Kamboni na Kiunga itataja, kama amri zote za namna hiyo, samaki, mifugo, magari, ushuru na saa za kufunga. Tunaomba mwanafunzi muuguzi atajwe humo kwa jina la kazi yake, pamoja na mgonjwa na mama mjamzito. Orodha ya majina ipelekwe pande zote mbili kila muhula wa chuo unapoanza. Na nakala yake ibandikwe kwenye kibanda cha lindo, mahali ambapo askari wa zamu ya usiku anaweza kuisoma kwa tochi.